Haki zako, mwili wako na vielelezo vyako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara baada ya ukatili wa kingono Dar es Salaam

Maswali haya huletwa na watu wa Mbagala, Tabata, Kawe, Gongo la Mboto na kwingineko jijini, mara nyingi kwa sauti ya chini na mara nyingi kwa niaba ya mtu mwingine: "kuna dada mmoja jirani yangu…" Hatuulizi dada huyo ni nani. Kama tukio halijatimiza siku tatu, soma maswali mawili ya kwanza tu, kisha ondoka uende hospitali. Mengine utayasoma ukirudi.

Imetokea usiku wa kuamkia leo. Nianzie polisi au hospitali?

Anzia palipo karibu na salama. Ukituuliza sisi, tutakwambia hospitali, kwa sababu polisi wapo saa zote lakini baadhi ya dawa zina muda wake.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Hiyo ndiyo saa ya mwisho, usiipange kama saa ya miadi. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri, na ukianza unameza kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi saa 120, yaani siku tano, na navyo nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Daktari atakuangalia pia kuhusu magonjwa ya zinaa, homa ya ini aina ya B na, kama una jeraha, pepopunda.

Hospitali ya Amana, Ilala, ina Kituo cha Mkono kwa Mkono. Humo unamkuta mhudumu wa afya, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, kwa hiyo husimulii upya kila mlango. Kama Amana ni mbali, usikae kungoja usafiri wa kwenda huko. Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa na zina huduma ya dharura. Wa Kigamboni asingoje pantoni ya alfajiri, Vijibweni iko upande huohuo wa maji.

Nimeshaoga. Na nguo nimeloweka. Nimeharibu kila kitu?

Hapana. Karibu kila mtu huoga, na kuoga baada ya jambo kama hilo ni silika ya binadamu yeyote. Kama hujaoga, basi jizuie: usioge, usijisafishe ukeni, usipige mswaki kama uliingiliwa mdomoni, usikate kucha, usichane nywele. Ukibanwa na haja ndogo nenda, ila usijipanguse kwa nguvu, na kitambaa au karatasi uliyotumia itunze.

Kama umeshaoga, nenda vilevile. Michubuko haitoki kwa sabuni. Chembechembe ndani ya mwili zinaweza kubaki baada ya kuoga, na madaktari huchukua sampuli hizo kwa kawaida ndani ya saa 72, wakati mwingine hadi siku tano. Nguo zilizo kwenye beseni zitoe, zianike kivulini, zihifadhi. Shuka, khanga uliyojifunga, godoro, kiti cha bajaji, vyote hivyo vinaweza kuwa na kitu. Mwambie mpelelezi vilipo, usimwamulie kwamba havina maana.

Nguo nizitunze vipi hadi nizifikishe polisi?

Kwenye karatasi. Bahasha ya kaki, gazeti, mfuko wa karatasi wa dukani. Usitumie mfuko wa nailoni. Nailoni hufungia unyevu, na kwa joto la Dar kitambaa chenye unyevu kitaota ukungu kabla hujafika Ubungo. Ukungu na bakteria hula vinasaba (DNA). Kila nguo iwe na bahasha yake, usiikunjekunje penye doa, usiikung'ute. Ukienda hospitali ukiwa umeivaa nguo ileile, beba nyingine ya kubadilisha, maana ile itabaki.

Unapokabidhi, hakikisha imeandikwa: umekabidhi nini, kwa askari yupi mwenye namba gani, tarehe na saa. Omba kuiona hati hiyo na uisome kabla ya kusaini. Si ukorofi. Miezi minane baadaye mahakamani ataulizwa mtu "hii gauni ilitoka wapi hadi kufika hapa?", na jibu litakuwa kwenye karatasi hizo.

Nimefika hospitali wananiambia "lete PF3 kwanza". Ni sawa?

Hili ndilo swali linalotuchosha kuliko yote, kwa sababu jibu linajulikana na bado watu wanarudishwa mlangoni.

PF3 ni Polisi Fomu namba 3. Polisi hujaza sehemu ya juu, daktari huandika alichokiona, kisha fomu hurudi polisi kuwa sehemu ya jalada. Ni fomu ya ushahidi, haijawahi kuwa tiketi ya matibabu. Mwongozo wa Wizara ya Afya kuhusu waliofanyiwa ukatili wa kijinsia unataka mgonjwa ahudumiwe kwanza, na fomu ifuate. Ukikataliwa, mwambie muuguzi kwa utulivu: "Naomba dawa ya dharura sasa, fomu ndugu yangu ameifuata kituoni." Akishikilia msimamo, omba kumwona mganga wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Fomu yenyewe ni bure. Anayekudai "hela ya kutoa kopi" anakuibia. Ipo kituo chochote cha polisi, hata kama tukio limetokea eneo lingine la jiji.

Kuna upande wa pili ambao watu husahau. Kwa kuwa umetibiwa bila PF3, mwombe daktari aandike kila kitu kwenye faili lako siku hiyohiyo: umbo la michubuko, mahali ilipo, hali ya nguo, ulichomwambia. Fomu ikija kesho yake atanukuu kutoka humo. Asipoandika, kesho atakuwa ameona wagonjwa wengine arobaini.

Daktari atanifanya nini? Naweza kukataa?

Unaweza kukataa chochote, wakati wowote, na bado ukapata dawa. Anatakiwa akueleze kila hatua kabla ya kuifanya. Unaweza kuomba mhudumu wa kike, na unaweza kuwa na mtu wako chumbani. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huridhia, ila kama mtuhumiwa ndiye mzazi, afisa ustawi wa jamii ndiye anayeingia.

Uchunguzi wa kawaida ni wa mwili mzima, siyo sehemu za siri peke yake. Alama shingoni, mikononi na mapajani mara nyingi husema mengi zaidi. Atachukua sampuli kwa pamba ukeni, njia ya haja kubwa au mdomoni kulingana na maelezo yako, chini ya kucha, na damu au mkojo kama unahisi uliwekewa kitu kwenye kinywaji. Kama ni suala la kinywaji sema mapema sana, maana dawa nyingi za aina hiyo hutoka mwilini haraka.

Na kuhusu bikira: hakuna daktari anayeweza kuangalia utando akasema kwa uhakika kwamba mtu ameingiliwa au hajaingiliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya bikira viachwe popote vinapofanyika. Bado tunakutana na PF3 zilizoandikwa mstari mmoja, "bikira haipo", basi. Mstari huo haumsaidii mtu. Mwombe daktari aandike alichokiona mwilini.

Sampuli zinapelekwa wapi? Majibu ya DNA huja lini?

Zinapelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo hapa jijini iko Barabara ya Barack Obama, ile tuliyozoea kuiita Ocean Road. Kazi ya vinasaba inaongozwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Huwezi kubeba pamba yako ukaenda nayo dirishani, ombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa na sheria hiyo, na kwenye kesi za jinai kwa kawaida ni polisi. Mkemia hulinganisha sampuli iliyotoka kwako na ile ya mtuhumiwa, kwa hiyo bila mtuhumiwa kukamatwa na kuchukuliwa sampuli, nusu ya kazi inasubiri.

Kinachoharibu kesi nyingi huwa ni safari ya sampuli kabla haijafika kwa mkemia. Nani aliipokea kwa daktari, ilikaa wapi usiku ule, ilifungwa kwa lakiri gani, nani aliibeba, nani aliipokea maabara. Pengo moja tu, na wakili wa utetezi atasimama hapohapo. Wewe huwezi kuisimamia safari yote, ila unaweza kumuuliza mpelelezi maswali mawili: sampuli imeondoka kituoni tarehe ngapi, na imepokelewa maabara kwa namba ipi? Andika majibu kwenye daftari. Mpelelezi anayejua kuna mtu anaandika huwa makini zaidi.

Hakuna DNA, hakuna aliyeona. Kesi itasimama kweli?

Inaweza kusimama kwa maneno yako peke yako. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa, na imesema mara kadhaa kwamba DNA si sharti la kumtia mtu hatiani. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inairuhusu mahakama kutia hatiani kwenye kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, hata kama ni mtoto, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Lakini ruhusa hiyo ina mzigo. Ushahidi ukiwa ni mmoja, unapimwa kwa mizani kali. Mambo matatu huulizwa karibu kila kesi.

Kwanza, ulimtaja lini? Mahakama huthamini sana shahidi aliyemtaja mhusika mapema iwezekanavyo. Mtu wa kwanza uliyemwambia, awe dada yako, mama ntilie au dereva wa bodaboda aliyekukuta unalia, ni shahidi. Tunza jina na simu yake.

Pili, ulimtambuaje? Kulikuwa na taa? Ya aina gani, umbali gani, mlikaa naye muda gani, unamfahamu tangu lini? "Nilimwona" peke yake haitoshi kama ilikuwa usiku na umeme umekatika.

Tatu, kilitokea nini hasa? Tumelelewa kusema "alinifanyia tabia mbaya". Kwa mtoto, mahakama mara nyingi imeelewa. Kwa mtu mzima ni hatari, kwa sababu sheria inataka kuthibitishwa kwamba kulikuwa na kuingiliwa, hata kidogo tu, na kwamba hukuridhia. Sema kwa maneno yako ya nyumbani, lakini aliyekusikia asibaki anabahatisha. Hilo lianzie kwenye maelezo ya polisi, maana yatalinganishwa na utakachosema kizimbani. Omba usomewe maelezo kabla ya kusaini. Kama askari ameandika asichosikia, mwambie arekebishe.

Usisahau simu. Meseji za kuomba msamaha, sauti za WhatsApp, miamala ya fedha, historia ya safari ya teksi ya mtandaoni: usifute kitu, hata kama unatamani kuitupa simu baharini. Piga picha ya skrini, ila simu yenyewe itunze. Kama ni gesti au baa yenye kamera, mwambie mpelelezi siku hiyohiyo, kwani rekodi nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache.

Sikupiga kelele wala sikupigana. Na nilikuwa nimekunywa.

Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema wazi kwamba si lazima kuwe na majeraha ya kupambana ili kuthibitisha kwamba hukuridhia. Kuganda kwa hofu si kukubali. "Ndiyo" iliyotolewa kwa nguvu, vitisho au hofu haihesabiki, wala ile iliyopatikana ukiwa umeleweshwa na yeye au mtu mwingine bila makubaliano. Vilevile sheria inamtaja mtu anayetumia nafasi yake: afisa wa umma, mhudumu wa hospitali, mganga wa kienyeji, kiongozi wa dini. Hawa wawili wa mwisho tunawasikia zaidi ya watu wanavyodhani.

Aliyenifanyia ni mume wangu.

Hapa sheria yetu ina pengo, na ni afadhali ulijue kabla hujafika kaunta. Kanuni ya Adhabu inamtambua mume kuwa mbakaji pale tu mnapokuwa mmetengana. Mkiwa mnaishi pamoja, kosa la ubakaji halisimami. Yanayosimama ni mengine: kupigwa, kujeruhiwa, kutishiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kumpiga mwenzake. PF3 na matibabu unapata kama mtu mwingine yeyote.

Aliyetendewa ni mtoto wangu. Familia ya kijana inataka tukae tumalizane, na mjumbe amekubali kusimamia.

Mama, usikae kwenye kikao hicho.

Mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, shehe, mchungaji, hakuna mwenye mamlaka ya kusuluhisha ubakaji. Kesi ni ya Jamhuri, si yako na wazazi wa kijana. Kupokea fedha ili kosa kubwa la jinai lifichwe ni kosa lenyewe, kwa hiyo bahasha ile inaweza kumgeuza mzazi wa mtoto kuwa mshtakiwa. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Huyo mjumbe anayepanga viti alitakiwa awe anapiga simu.

Aliye chini ya miaka 18 haridhii kisheria. "Walikuwa wapenzi" si utetezi (kifungu kinamtoa kwenye ulinzi huo mke wa mtuhumiwa mwenye miaka 15 na zaidi, na ni doa ambalo wanaharakati wamelipigia kelele kwa miaka). Utahitaji kuthibitisha umri. Cheti cha kuzaliwa ni bora, lakini maneno ya mzazi, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule hukubalika pia.

Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Na usimhoji mtoto mara kumi. Msikilize, andika alivyosema kwa maneno yake, usimfundishe maneno mapya. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana.

Mtoto wa kiume je? Au mwanaume mtu mzima?

Kanuni ya Adhabu inaelezea ubakaji kuwa kosa dhidi ya mwanamke au msichana. Mvulana aliyeingiliwa, kesi yake hufunguliwa kama ulawiti, kifungu cha 154, na kama ana umri chini ya miaka 18 adhabu ni kifungo cha maisha. Mwanaume mtu mzima huogopa kwamba akiripoti atageuziwa kibao. Aliyelazimishwa si mkosaji. Aende na mtu anayemwamini, au na msaidizi wa kisheria, ili maelezo yaandikwe sawasawa tangu mwanzo. Muda wa dawa ni uleule, saa 72.

Nimezungushwa kituoni. "Njoo kesho", "mpelelezi yuko safari".

Uliza kama una namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama huna, taarifa yako haijaingia kitabuni, anzia hapo. Omba Dawati la Jinsia na Watoto, vituo vikubwa kama Oysterbay na Chang'ombe vinalo, na humo unazungumza chumbani badala ya kaunta mbele ya watu. Ukikwama, panda ngazi: mkuu wa kituo, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha ofisi ya mashtaka.

Akiomba fedha, au akiomba mwili wako, piga 113, TAKUKURU. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Huna wakili? Hulazimiki kuwa naye, mwendesha mashtaka ndiye anayeisimamia kesi. Lakini mtu wa kukushika mkono anasaidia sana. Hapa Dar kuna TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaada huo kwa asiye na uwezo ni bure.

Mahakamani nitasimulia mbele ya watu wote?

Hapana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana utolewe faraghani, na vyombo vya habari haviruhusiwi kuuchapisha. Ukiona wasikilizaji wamekaa tu, mkumbushe mwendesha mashtaka kabla hujaapa.

Wakili wa utetezi atakuhoji. Anaruhusiwa kukupima, haruhusiwi kukutukana. Hakimu ana uwezo wa kuzuia maswali ya aibu na ya kudhalilisha yasiyohusu kesi. Jibu swali lililoulizwa, "sikumbuki" ni jibu halali. Mtoto wa miaka 14 au chini yake haapi lazima, anaweza kuahidi tu kwamba atasema kweli na hatasema uongo.

PF3 ikishapokelewa kuwa kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, kwenye rufaa itaondolewa kwenye kumbukumbu. Si mwisho wa kesi, kwani maneno ya daktari kizimbani na yako bado yanasimama, lakini ni kosa dogo linaloepukika, na linajirudia mno.

Mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana, tunapishana sokoni.

Dhamana si kuachiwa huru. Akikusogelea, akituma watu au akikutishia, ripoti siku hiyohiyo upate RB nyingine, na umjulishe mwendesha mashtaka ili aombe dhamana ifutwe. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015.

Walirekodi video na inasambaa.

Usiisambaze "kutafuta haki", na waombe ndugu zako wasifanye hivyo. Tunza kiungo, namba iliyotuma na tarehe, kisha vikabidhi polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawagusa wanaosambaza. Mwaka 2024 nchi nzima iliona namna video ya binti mmoja ilivyozunguka kwenye simu za watu. Septemba mwaka huohuo mahakama ya Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Video ilisaidia upelelezi. Maelfu walioituma kwenye magrupu hawakumsaidia yule binti hata kidogo.

Akitiwa hatiani anapata nini? Na mimi?

Ubakaji: si chini ya miaka 30 jela, hadi maisha. Wa genge: maisha. Wa mtoto chini ya miaka 10: maisha. Mkosaji akiwa kijana wa miaka 18 au pungufu, utaratibu wa adhabu ni mwingine na ni mwepesi zaidi, jiandae kwa hilo. Mahakama inatakiwa pia kuamuru akulipe fidia. Mara nyingi haiombwi kwa uzito, basi mpe mwendesha mashtaka risiti za dawa, nauli na ushauri nasaha kabla ya hukumu.

Ni miaka sita imepita. Nimechelewa?

Kwa sampuli, ndiyo. Kwa kuripoti, hapana, ubakaji hauna ukomo wa muda. Utaulizwa kwa nini ulinyamaza, na "nilikuwa naishi nyumbani kwake" ni jibu ambalo mahakama inaweza kulielewa. Tafuta uliowaambia wakati ule, shajara, meseji za zamani, kadi ya hospitali.

Ilitokea Unguja, mimi naishi Dar.

Dawa pata hapahapa, leo. Kesi itafunguliwa Zanzibar, ambako kuna sheria zake za jinai na za ushahidi, tofauti na hizi tulizotaja. Unaweza kuanza kwa kutoa taarifa kwenye Dawati la Jinsia la hapa. Sampuli zichukuliwe kabla hujapanda boti kwenda huko kufuatilia kesi.